KEMIA NA BIOKEMIA: SI MAKOMBO YA UDAKTARI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

 

Ukitaka kujua mawazo ya wanafunzi wa shule yetu, ingia darasa lolote ukaulize, "Wewe ukimaliza utakuwa nani?" Majibu ni yale yale: daktari, rubani, injinia, wakili. Hutasikia hata mmoja akisema, "Mimi nataka kuwa mwanakemia." Ajabu ni kwamba kemia tunaisoma tangu Kidato cha Kwanza, na katika KCSE ina karatasi tatu, moja yake ikiwa ile ya maabara inayotutoa jasho jembamba. Lakini tunaiona kama daraja tu: ukishavuka ukafika kwa udaktari, kwaheri ya kuonana. Na yule asiyefika huko, akaitwa chuo kikuu kusomea kemia au biokemia, watu humwonea huruma kana kwamba wenzake wamekula, yeye akawekewa makombo.

Si mzaha. Dada mmoja wa kijiji chetu hapa Chwele aliitwa chuo kikuu kusomea biokemia. Wazazi wake wakaita majirani kwa harambee. Siku hiyo mzee mmoja alisimama akauliza, "Sasa huyu mtoto wetu akimaliza ataitwa daktari ama mwalimu? Tujue tunachangia nini." Hakuna aliyemjibu. Watu walitoa kidogo, wakanywa chai, wakaenda zao. Karo iliyobaki ilitoka kwa ng'ombe wa maziwa.

Kusema kweli, swali la mzee halikuwa baya. Ubaya ni kwamba pale uwanjani hapakuwa na mtu mwenye jibu. Katika makala haya nitajaribu kulijibu: masomo haya ni nini, ni nani wametambuliwa kwa ajili yake, ni nafasi gani humngojea mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na ni milango gani ina kufuli.

MASOMO HAYA NI NINI?

Kemia ni elimu ya vitu vinavyoundwa na jinsi vinavyobadilika kuwa vitu vingine. Biokemia ni kemia ya mwili wenye uhai: wa mtu, wa ng'ombe, wa mhindi shambani, wa bakteria. Ukiyasikia hivyo utadhani ni mambo ya Nairobi na Ulaya. Kumbe tunaishi nayo jikoni na shambani.

Mfano wa kwanza ni musherekha. Kukhu, yaani nyanya, huchoma maganda makavu ya maharagwe, akaweka jivu kwenye chombo chenye matundu, akalimwagia maji na kuyakinga yakichuruzika. Maji yale huyatia kwenye kunde au mrenda, na mboga ikalainika upesi. Yana nini? Yana potasiamu kaboneti, ambayo ni alkali. Kukhu hajawahi kuona litmasi, lakini anafanya kazi ya maabara kila wiki.

Mfano wa pili ni miwa. Wakulima wengi wa Bungoma wanajua uchungu wa kukata miwa halafu ikakaa shambani siku nyingi ikingoja trekta. Miwa hiyo hukauka na kupungua uzito, lakini hayo si yote. Vimeng'enya vilivyo ndani ya muwa, pamoja na bakteria wanaoingia palipokatwa, huivunja sukari ya sukrosi ikawa sukari nyingine ambazo hazigandi kiwandani. Hiyo ni biokemia, na inamtoa mkulima pesa mfukoni.

Mfano wa tatu ni udongo. Sehemu nyingi za Bungoma na Trans Nzoia zina udongo wenye asidi, na mbolea ya DAP ikitiwa mwaka baada ya mwaka huizidisha asidi hiyo. Mahindi yakiwa manjano, mzazi hununua mbolea zaidi, wakati pengine shamba lilihitaji chokaa ya kilimo. Wa kumwambia hivyo kwa hakika ni mtu aliyeupima udongo.

Sasa mzee akiuliza tunachangia nini, tuanzie hapo: tunachangia mtu atakayejua kwa nini miwa yetu inapungua sukari na udongo wetu unachoka.

VIJANA WALIOTAMBULIKA MAPEMA

Wengine husema sifa katika sayansi ni za wazee wenye mvi. Hebu tuone.

Mwaka 1856, kijana William Henry Perkin alikuwa na miaka 18 tu, akisomea kemia mjini London. Wakati wa likizo alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, katika maabara ndogo aliyokuwa nayo nyumbani. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi ambao ulipoyeyushwa ulitoa rangi nzuri ya zambarau. Badala ya kuumwaga, aliuchunguza. Ikawa ndiyo mwanzo wa biashara kubwa ya rangi za nguo zinazotengenezwa viwandani.

Wa pili ni Charles Martin Hall wa Marekani. Alimaliza chuo cha Oberlin mwaka 1885. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, alipata njia ya kutenga aluminiamu kwa umeme akifanyia kazi nyumbani kwao. Mwaka huo huo Paul Héroult, kijana wa rika lake kule Ufaransa, alipata njia ile ile bila wao kujuana. Kabla ya hapo aluminiamu ilikuwa chuma cha matajiri. Leo ndiyo sufuria ya ugali katika kila nyumba ya Chwele. Ukifika Kidato cha Nne utaisoma njia hiyo, na ukumbuke waliogundua walikuwa ndio kwanza wametoka chuoni.

Wa tatu ni mama Tu Youyou wa Uchina. Alimaliza shahada yake ya dawa mjini Beijing mwaka 1955, na hakuwahi kupata shahada ya uzamifu. Hata hivyo yeye na wenzake ndio waliotoa artemisinini kutoka kwa mmea, baada ya yeye kusoma kitabu cha kale cha Kichina na kuelewa kwamba moto mwingi ulikuwa ukiiharibu dawa. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Vidonge vya malaria tunavyopewa zahanati, vile vya AL, vinatokana na kazi hiyo. Ni wangapi kati yetu wamepona kwa sababu ya mwanamke mwenye shahada ya kwanza?

WATU WA KWETU

Mtu atasema, "Hao ni wa ng'ambo." Basi turudi Afrika. Ahmed Zewail alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Alexandria, Misri, akaendelea Marekani, na mwaka 1999 akapata Nobel ya kemia.

Hapa Kenya yuko Profesa Catherine Ngila. Alianza kwa shahada ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha akapata shahada ya uzamifu Australia. Kazi yake ni kutafuta njia za kupima na kuondoa uchafu katika maji. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya kimataifa ya L'Oréal na UNESCO kwa wanawake katika sayansi, akiwakilisha Afrika na nchi za Kiarabu. Sisi tunaokaa karibu na mto Nzoia, unaopita karibu na viwanda vya sukari na karatasi, hatuhitaji kuelezwa kwa nini kazi kama hiyo ni muhimu.

Yuko marehemu Profesa Norah Olembo, mwanabiokemia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye akaongoza ofisi ya serikali inayolinda hati za uvumbuzi. Na wale wanaolalamikia au kusifu ripoti ya Munavu kuhusu elimu, je, mnajua kwamba Profesa Raphael Munavu ni mwanakemia? Ndiye aliyeongoza jopo la rais la mageuzi ya elimu lililoteuliwa mwaka 2022.

Tusiwasahau wale wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990, watafiti wake wa Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, walishirikiana na wenzao wa Kenya na Uingereza wakaleta kilimo cha vuta-sukuma. Unapanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembeni. Desmodiamu hutoa harufu inayowafukuza nondo wa viwavi wa mabua, nepia ikawavuta nje ya shamba. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazozifanya mbegu za kiduha, lile gugu la striga lenye maua ya zambarau, ziote kisha zife kabla ya kuushika mzizi wa mhindi. Wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaitumia. Kazi yote hiyo ni kemia ya harufu.

NAFASI ZILIZOPO CHUONI

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana nafasi gani za kuinuka na kutambuliwa?

Kwanza ni matokeo yenyewe. Katika vyuo vyetu vingi, mwenye wastani wa alama 70 na zaidi hupata Daraja la Kwanza. Daraja hilo ni zaidi ya jina la kusomwa siku ya mahafali, maana ndilo hutazamwa kwanza ufadhili unapogawanywa. Na huanza kuhesabiwa mapema. Wengi hupotea mwaka wa kwanza kwa starehe za kuwa mbali na nyumbani, wakaja kuzinduka mwaka wa tatu maji yakiwa shingoni.

Pili ni atachimenti, yaani kwenda kujifunza kazini kabla ya kumaliza. Huko ndiko mtu hujulikana. Mwanafunzi wa kemia au biokemia anaweza kuomba nafasi KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979. KALRO, ambayo ina kituo Kitale. Shirika la viwango, KEBS. KEPHIS inayokagua mimea na mbegu. Au kwa Mkemia wa Serikali, ambako hupimwa sumu, pombe haramu na vielelezo vya kesi mahakamani. Kuna pia maabara za viwanda vya sukari, maziwa, saruji na rangi, na kampuni za maji. Yule dada wa kijiji chetu alituambia siri moja: barua ya kuomba haingoji mwaka wa tatu uanze. Aliandika barua kumi na moja, akajibiwa mbili, akakubaliwa na moja. Mvumilivu hula mbivu.

Tatu ni mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho. Hapa mwanafunzi huchagua swali lake mwenyewe akasimamiwa na mhadhiri. Mtoto wa Chwele ana maswali tele: musherekha una madini gani? Maji ya kisima chetu yana nini? Mahindi yaliyoanikwa vibaya yana sumu ya kuvu kiasi gani? Mradi mzuri unaweza kusomwa mbele ya wataalamu au kuchapishwa katika jarida, jina la mwanafunzi likiwa pamoja na la mwalimu wake.

Nne ni vyama vya wataalamu. Kenya ina Chama cha Kemia cha Kenya. Uingereza ina Royal Society of Chemistry, ambayo mwaka 2007 ilianzisha mtandao wa kemia wa Afrika nzima. Marekani ina American Chemical Society, iliyozaliwa mwaka 1876, ambayo hukubali matawi ya wanafunzi hata katika vyuo vya nchi nyingine. Wanabiokemia nao wana American Society for Biochemistry and Molecular Biology, ambayo katika mkutano wake huwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza nafasi ya kushindana kwa mabango: unaandika utafiti wako kwenye bango, unasimama kando yake, waamuzi wanakuja kukuuliza maswali. Kumbuka jambo moja. Tuzo nyingi za wanafunzi haziombwi na mwanafunzi mwenyewe, bali idara yake humpendekeza. Kwa hivyo yule anayekaa nyuma ya ukumbi miaka minne, mhadhiri asimjue hata kwa sura, atapendekezwa na nani?

Tano ni masomo ya juu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa mwaka 1959 na bado upo. DAAD ya Ujerumani nayo hufadhili Wakenya. Na jambo ambalo wengi hawajui ni hili: vyuo vikuu vingi vya Marekani huchukua wanafunzi wa uzamifu wa kemia na biokemia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, huwalipia karo, na huwapa posho kwa kazi ya kufundisha au kutafiti maabarani. Yaani unasoma na unalipwa. Mzee akisikia hayo hataamini, lakini ndiyo hali.

MILANGO YENYE KUFULI

Sitaki kuwadanganya wenzangu nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Si kila mwenye digrii hii ana kazi. Tunawaona wengine wakiendesha boda boda na karatasi zao zimefungiwa sandukuni. Tena kuna kufuli ambazo ni afadhali mtu azijue sasa.

Kufuli ya kwanza ni ya hospitali. Wengi hudhani kwamba aliyesoma biokemia ataajiriwa kupima damu hospitalini. Tangu sheria ya mwaka 1999, kazi ya maabara za tiba ina bodi yake, na ni lazima usajiliwe nayo. Anayetaka kazi hiyo na achague kozi ya sayansi ya maabara za tiba, ambayo bodi inaitambua. Majina yanafanana lakini ni kozi mbili tofauti. Kuchanganya hizo mbili siku ya kujaza KUCCPS ni kupoteza miaka minne.

Kufuli ya pili ni ya ualimu. Mwenye shahada ya sayansi tupu hasajiliwi na TSC mpaka aongeze stashahada ya ualimu. Hilo si kosa, ila ni muda na pesa.

Kufuli ya tatu ni karo. Mkopo wa HELB umekuwepo kwa sheria tangu mwaka 1995, nao umesomesha watoto wengi wa maskini, lakini ni mkopo, utalipwa. Anayekopa na ajue anakopea nini.

Haya yote hayaifanyi kemia kuwa makombo. Hata udaktari una kufuli zake, na sote tumeona madaktari wakigoma barabarani wakidai kuajiriwa. Tofauti ni kwamba njia ya daktari inajulikana na kila mtu, na njia ya mwanakemia haijaonyeshwa mtoto wa Chwele na mtu yeyote.

SISI WA SHULE YA KUTWA TUFANYEJE?

Huenda wewe unasema, "Hayo ni ya shule za kitaifa. Sisi tunaotembea kilomita kadhaa asubuhi na jioni, tunaosomea taa ya kandili, tutafika wapi?" Nisikilize. Katika kaunti ya Nakuru kuna shule ya Keriko, shule ya kutwa ya mseto kama yetu, yenye wanafunzi wengi kutoka familia maskini. Mwalimu wao wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, alikuza klabu ya sayansi pale. Wanafunzi wake walitumia mimea ya kienyeji kuzalisha umeme, wakapata tuzo kutoka Royal Society of Chemistry, chama kile kile nilichokitaja. Mwalimu mwenyewe akashinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019. Kama Keriko waliweza, Chwele tumekosa nini?

Kwa hivyo napendekeza mambo manne. La kwanza, tuingie mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule, yale yanayoanzia kaunti ndogo hadi taifa, tukiwa na miradi ya kwetu wala si ya kunakili vitabuni. La pili, tusiipuuze hisabati. Mlango wa chuo kikuu ni C+, lakini kozi huangalia pia alama za masomo ya kundi lake, na mwenye kukimbia hisabati hujifungia njia mwenyewe. La tatu, ukipanda matatu kutoka Chwele kwenda Bungoma unapita Kibabii, chuo kikuu kamili tangu mwaka 2015. Kule Kakamega kuna Masinde Muliro, chenye idara ya kemia. Naomba walimu wetu watupeleke angalau mara moja tuone maabara zao, tuulize wanafunzi wa huko wanasoma nini na wanaenda wapi. Nauli ya basi moja ni rahisi kuliko miaka minne ya kujuta. La nne, waliotutangulia wakija likizo tuwaalike klabuni watueleze. Kuuliza si ujinga.

Nawaomba wazazi na wazee pia. Mtoto akiitwa kusomea jambo msilolijua, msimwonee huruma kabla ya kumwuliza. Na wewe mwanafunzi mwenzangu, ukiitwa kusomea kemia au biokemia, usisimame mbele ya harambee yako ukanyamaza. Sema: "Nitakuwa mtu wa kupima udongo, maji, dawa na chakula cha watu. Nikifanya bidii dunia itanitambua, na nisipotambuliwa na dunia, shamba la baba litanitambua."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kalamu yangu naiweka chini hapa.